Gego limetoboka na jino la mbele limemeguka: je, kuziba kwa rangi ya jino kunafaa kwa yote mawili?

Mwanagenzi

Salaam kwenu nyote. Naomba ushauri kuhusu jambo ambalo limenisumbua kwa wiki kadhaa sasa. Nina gego la chini, upande wa kushoto, ambalo limetoboka ubavuni, mahali linapogusana na jirani yake. Halikuwa likiuma. Nililigundua kwa sababu uzi wa kusafishia meno ulikuwa ukichanika nyuzinyuzi kila nilipoupitisha mahali pale pale, na baada ya muda nikaanza kuhisi maji baridi yakinichoma kwa sekunde chache kisha yakiniacha. Zaidi ya hilo, jino langu moja la mbele, la juu, lilimeguka pembe nilipoanguka nikiwa shuleni, na tangu siku hiyo nimezoea kucheka nikiwa nimefunga mdomo.

Daktari wa meno amenipiga picha ya eksirei na kunieleza kwamba meno yote mawili yanaweza kuzibwa kwa kompositi, yaani ile dawa ya kuzibia inayofanana na rangi ya jino lenyewe. Hata hivyo, baba yangu mdogo, ambaye ana magego mawili yaliyozibwa kwa dawa ya rangi ya fedha tangu kabla sijazaliwa na ambayo bado yanatafuna vizuri, ananisihi nisikubali. Anasema hiyo nyeupe ni ya urembo, kwamba inafaa kwa meno ya mbele peke yake, na kwamba katika gego itachomoka au kulika upesi. Namheshimu, na meno yake ni ushahidi ninaouona kila siku.

Ningependa kuelewa mambo haya: kompositi inashikaje kwenye jino hata iweze kuhimili nguvu ya kutafuna? Ni nini kinachoifanya idumu kwa mmoja na kuharibika mapema kwa mwingine? Nimwulize nini daktari kabla sijaketi kwenye kiti chake?

Tabibu wa Kinywa

Ndugu Mwanagenzi, pole kwa usumbufu huo, na hongera kwa kuutilia maanani ule uzi uliochanika. Nimetibu meno kwa miaka mingi, na wengi wanaokuja kwangu na tundu la ubavuni huwa wamepuuza dalili hiyo hiyo hadi kilele cha jino kikaporomoka wakiwa wanatafuna kitu laini kabisa.

Nianze na baba yako mdogo, kwa kuwa hakosei kuhusu yale aliyoyaona. Kompositi za miaka ya mwanzo zililika haraka zilipowekwa kwenye magego, na madaktari wa zama hizo walikuwa na sababu nzuri ya kuzitumia kwa meno ya mbele tu. Zilizopo leo ni tofauti. Ni mchanganyiko wa utomvu maalumu na chembe ndogo sana za kioo au silika, na katika aina nyingi chembe hizo ndizo zinazochukua sehemu kubwa ya uzito. Chembe zimefanywa kuwa ndogo zaidi na zimefungamanishwa vizuri zaidi na utomvu, kwa hiyo dawa hailiki wala haichubuki kama zamani. Tafiti zilizowafuatilia wagonjwa kwa miaka 10 au zaidi mara nyingi huonyesha kwamba vizibo vya kompositi vya magego vinavyoharibika kwa mwaka ni kati ya asilimia 1 na 3 hivi, ingawa kwa mtu ambaye meno yake yanaendelea kuoza idadi hiyo hupanda.

Sasa nije kwenye swali lako la namna inavyoshika, kwa sababu hapo ndipo kazi yote ilipo. Dawa ya rangi ya fedha, amalgamu, haigandi kwenye jino. Hushikwa na umbo la tundu: daktari hulazimika kuchonga tundu liwe pana ndani kuliko mdomoni, kama mtungi, ili dawa ikikauka isiweze kutoka. Maana yake ni kwamba mara nyingi sehemu ya jino isiyo na ugonjwa hukatwa ili kuipa dawa mahali pa kukaa. Kompositi hugundishwa. Daktari huondoa sehemu iliyooza, kisha hupaka jeli ya asidi ya fosfori, kwa kawaida ya asilimia 37 hivi, kwa sekunde 15 hadi 30 juu ya enameli, lile ganda gumu la nje ya jino, na kwa muda mfupi zaidi juu ya dentini. Jeli ikisafishwa kwa maji na jino likapulizwa hewa, enameli iliyokuwa iking'aa hugeuka nyeupe kama chaki. Kwa macho unaona weupe tu, lakini kwa hadubini ni uso uliojaa vishimo visivyohesabika. Gundi ya maji maji hupenya humo, hugandishwa kwa mwanga, na kuwa na maelfu ya vidole vidogo vilivyojikita ndani ya jino. Wazo la kutumia asidi lilitolewa na Michael Buonocore, daktari wa meno wa Marekani, mwaka 1955, na utomvu ambao ndio mama wa kompositi nyingi za leo ulitengenezwa na Rafael Bowen miaka michache baadaye.

Dentini, ile tabaka iliyo chini ya enameli, ni mtihani mgumu zaidi. Enameli ni madini kwa kiasi cha asilimia 96 ya uzito wake, ilhali dentini ina maji na nyuzi za protini nyingi, na imetobolewa na vijifereji vinavyoelekea kwenye kiini cha jino. Ikikaushwa kupita kiasi, nyuzi zile hulala na gundi haipenyi. Ikiachwa na maji mengi, gundi hupoteza nguvu. Daktari anayeifahamu kazi hiyo hulitazama tundu kama mwashi anavyoutazama ukuta kabla ya kupiga plasta.

Baada ya gundi huja kompositi yenyewe, laini kama udongo wa kufinyangia, ikipakwa tabaka kwa tabaka. Kwa aina za kawaida, kila tabaka halipaswi kuzidi milimita 2, kwa kuwa mwanga wa buluu unaoigandisha haufiki chini zaidi ya hapo kwa nguvu ya kutosha. Zipo aina zilizotengenezwa kupokea tabaka la milimita 4. Sababu nyingine ya tabaka hizo ni kwamba kompositi hujikunja inapoganda, kwa kiasi cha asilimia 2 au 3 ya ujazo wake. Kiasi hicho kinaonekana kidogo, lakini dawa iliyojazwa kwa mkupuo mmoja huweza kuvuta kuta za jino au kubanduka ukingoni, na mwanya huo usioonekana kwa macho ndio mlango wa bakteria.

Kwa gego lako, ambalo tundu liko ubavuni, kuna hatua ambayo ningependa uifahamu. Kwa kuwa ukuta wa upande mmoja haupo, daktari huzungushia jino utepe mwembamba wa chuma, kisha huingiza kabari ndogo baina ya meno mawili, karibu na fizi. Kabari hiyo huubana utepe ili dawa isifurike chini ya fizi, na husogeza meno kidogo sana ili, ikiondolewa, yarudi na kugusana barabara. Kabari ikikaa vibaya, mojawapo ya mambo mawili hutokea: ama hubaki pengo ambamo chakula hukwama kila unapokula, ama hubaki ukingo wa dawa uliotokeza, unaokata uzi na kuchubua fizi.

Na hapa ndipo ninapokuomba umwulize daktari wako swali moja lililo zito kuliko yote: atalizuiaje jino lisilowe mate wakati wa kazi? Tone la mate au damu likigusa uso uliotayarishwa kwa asidi, ushikaji hupungua sana. Njia iliyo bora ni karatasi ya mpira inayotobolewa tundu na kuvalishwa jino. Pamba na mrija wa kufyonza mate pia hutosha katika mikono yenye subira, hasa kwa tundu dogo la juu. Kwa tundu lililoshuka hadi karibu na fizi, mimi binafsi sianzi bila mpira.

Kuhusu jino la mbele lililomeguka pembe, hilo ndilo jambo ambalo kompositi hulifanya vizuri mno, na mara nyingi halihitaji kuchongwa zaidi ya kulainishwa ukingo wa enameli. Hakikisha tu kwamba rangi inachaguliwa mwanzoni kabisa, jino likiwa bado na unyevu, kwa sababu jino likikaa kavu kwa dakika chache hupauka, na rangi iliyochaguliwa wakati huo itakuwa nyeupe mno jino likishapata mate yake. Madaktari wengine huweka punje ya kompositi juu ya jino bila gundi, huigandisha kwa mwanga, hukupa kioo utazame, kisha huibandua. Ni dakika mbili zinazookoa majuto ya miaka.

Mama Wawili

Naomba niongeze ushuhuda wangu, kwa sababu yale aliyoyasema Tabibu kuhusu mate yamenipata mimi mwenyewe.

Gego langu la juu lilizibwa kwa kompositi katika kliniki ambayo sitaitaja. Daktari alikuwa mpole, lakini alikuwa na haraka, na kulikuwa na watu wengi wakisubiri nje. Aliweka pamba mbili shavuni, nami nikazihisi zikilowa. Ulimi wangu ulikuwa ukienda pale pale bila mimi kutaka, kama unavyojua ulimi ukishahisi kitu kigeni. Kazi ilimalizika kwa muda mfupi, nikajitazama kwenye kioo, nikafurahi, kwa kuwa sikuweza hata kuona ni wapi palipozibwa.

Baada ya miezi minane hivi nikaona mstari mwembamba wa kahawia ukizunguka kile kizibo. Nikidhani ni madoa ya chai, nikausugua kwa mswaki kwa bidii. Kisha nikaanza kunusa harufu mbaya kwenye uzi kila niliposafisha pale. Nilipokwenda kwa daktari mwingine na kizibo kikafunguliwa, alinionyesha picha aliyoipiga: chini ya dawa nyeupe safi kulikuwa na jino laini la kahawia, kama mbao iliyolowa mvua. Sikuwa nimesikia maumivu hata siku moja.

Daktari wa pili alitumia mpira. Ulikuwa wa kijani, umetobolewa kitundu kidogo, na jino langu likachungulia peke yake huku mdomo wangu wote ukiwa upande wa pili. Mwanzoni nilidhani sitaweza kupumua, lakini nilipumua kwa pua na nikazoea baada ya dakika chache. Ilichukua zaidi ya saa moja. Mwishoni alinipa niume karatasi nyembamba yenye wino wa buluu, akapunguza sehemu zilizoacha alama nzito, akaniambia niume tena na tena hadi alama zikalingana na za meno mengine. Kizibo hicho kina mwaka wa saba sasa.

Kwa hiyo, ndugu yangu, usione aibu kuuliza. Mimi nilinyamaza mara ya kwanza kwa sababu niliona kuuliza ni kumkosea daktari heshima, na ukimya huo umenigharimu sehemu ya jino ambayo hairudi.

Fundi Maabara

Nikiwa mtu ninayefanya kazi na vifaa vya tiba ya meno, ningependa kuzungumzia ile dawa ya rangi ya fedha ili Mwanagenzi aweze kumjibu baba yake mdogo bila kumvunjia heshima.

Amalgamu ni mchanganyiko wa zebaki na unga wa madini, hasa fedha, bati na shaba, na zebaki ndiyo takribani nusu ya uzito wake. Ni dawa imara, inayovumilia unyevu kuliko kompositi, na haihitaji ustadi mwingi sana wa kugundisha. Hilo ndilo lililoipa sifa ya kudumu ambayo mzee anaisema. Inaondoka sokoni hasa kwa sababu ya mazingira. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, unaobeba jina la mji wa Japani ambako watu walidhurika vibaya kwa zebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda, ulipitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, na unazitaka nchi wanachama zipunguze matumizi ya amalgamu. Umoja wa Ulaya ulikwenda mbali zaidi na kuipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Januari 2025, isipokuwa pale daktari anapoona kwamba mgonjwa fulani anaihitaji kwa sababu za kitabibu.

Hata hivyo, mwambie mzee wako asikimbilie kuyafungua magego yake. Kizibo cha amalgamu kilicho kizima, kisicho na ufa wala uozo pembeni, huachwa kilivyo. Kukichimba ndiko kunakotoa mvuke mwingi wa zebaki kwa wakati mmoja, na kila jino linapofunguliwa hupoteza kidogo sehemu yake iliyo nzima.

Ipo pia dawa ya tatu ambayo watu huichanganya na kompositi kwa sababu nayo ni nyeupe: saruji ya glasi ayonoma, iliyovumbuliwa nchini Uingereza na Alan Wilson na Brian Kent, ambao waliitangaza mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hiyo hushikamana na madini ya jino yenyewe kwa nguvu za kikemia, huvumilia unyevu kidogo, na hutoa floraidi taratibu. Udhaifu wake ni kwamba huvunjika kwa urahisi zaidi na haing'ai kama enameli. Hutumika sana kwa meno ya utotoni, kwa mizizi iliyoachwa wazi na fizi zilizoshuka, na kwa ile tiba ya kukwangua uozo kwa vyombo vya mkono bila mashine, ambayo ilianza kujaribiwa nchini Tanzania katikati ya miaka ya 1980. Ukiambiwa utazibwa kwa dawa nyeupe, basi uliza ni ipi kati ya hizi mbili.

Mwanagenzi

Nawashukuru sana. Nimemsomea baba mdogo majibu haya jana usiku. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kama huyo daktari wangu anao huo mpira. Nimepiga simu kliniki, nimeambiwa kwamba upo na kwamba daktari huutumia kwa magego yote ya chini.

Nina maswali mawili yaliyobaki. La kwanza: nilikuwa na nia ya kung'arisha meno yangu yote, kwa kuwa yana rangi ya manjano kidogo. Nifanye hivyo kabla au baada ya kuziba? La pili: baada ya kuzibwa, nitatofautishaje maumivu ya kawaida na yale yanayoashiria tatizo?

Tabibu wa Kinywa

Ng'arisha kwanza, lakini kwa jino la mbele tu ndipo usubiri. Dawa ya kung'arisha yenye peroksaidi hubadilisha rangi ya jino na haibadilishi rangi ya kompositi, kwa hiyo ukiziba leo na kung'arisha mwezi ujao utabaki na pembe ya manjano kwenye jino jeupe. Ukishamaliza kung'arisha, acha zipite wiki mbili hivi kabla ya kuziba, kwa sababu oksijeni inayobaki ndani ya jino hudhoofisha gundi, na pia rangi huhitaji muda kutulia. Gego lisiingizwe katika subira hiyo. Lishughulikie sasa, kwa kuwa ule mchomo wa baridi unaopita baada ya sekunde chache kwa kawaida huonyesha kwamba kiini cha jino bado kinaweza kupona, na hiyo ni hali ambayo haisubiri mtu.

Kuhusu maumivu, ganzi ikiisha ni kawaida jino kuhisi baridi au kuuma kidogo unapotafuna, na hali hiyo hupungua siku hadi siku. Mara nyingi huisha ndani ya wiki chache. Ukihisi kwamba jino lililozibwa linagusana na la juu yake kabla ya mengine, rudi mapema upunguziwe, kwa maana kizibo kilichoinuka hata kwa unene wa karatasi kinaweza kulitia jino maumivu ambayo mtu hudhani ni ugonjwa mpya. Ni kazi ya dakika tano na haihitaji ganzi.

Maumivu ya aina nyingine ni yale yanayokuja yenyewe bila kuchokozwa, yanayokuamsha usiku, yanayodunda kama mapigo ya moyo, au yanayobaki kwa dakika nyingi baada ya kitu cha moto. Hayo huashiria kwamba kiini kimevimba kiasi cha kutoweza kupona, na tiba yake huwa ni kusafisha na kuziba mizizi, ambapo gego huenda likahitaji pia kuvishwa kofia. Uvimbe wa shavu au fizi, au homa, ni jambo la kumwona daktari siku hiyo hiyo.

Jambo la mwisho linahusu jirani ya gego lako. Tundu la ubavuni huwa limekaa uso kwa uso na jino la pili kwa muda mrefu, na mara nyingi nalo huwa limeanza kupoteza madini. Mwombe daktari alitazame akiwa amelifungua la kwanza, kwa sababu wakati huo ubavu wake unaonekana wazi kuliko wakati mwingine wowote. Ikiwa enameli yake imepauka tu na haijatoboka, asiichonge. Floraidi na uzi wa kila siku vinaweza kuusimamisha uozo hapo ulipo.